Je, Wajua? Sala, Dawa na Akili Tulivu Nyanda za Kati

Je, wajua kwamba hospitali kubwa ya afya ya akili ya Tanzania na Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika zina umri mmoja na mji mmoja? Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927. Mwaka huohuo dayosisi hiyo ilizaliwa, na George Chambers aliyetoka Australia akawa askofu wake wa kwanza. Mkazi wa nyanda za kati mwenye ndugu aliyeugua akili ana milango kadhaa ya kubisha: wa hospitali, wa kanisa, wa msikiti na wa mganga. Milango hiyo haikujengwa ishindane. Anayeumia ikishindana ni mgonjwa.

Na kabla ya Mirembe? Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kuwapokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, mahali palipokuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo anayedai kwamba hospitali ya akili ni ya watu wasio na imani aisome historia hiyo: hapa nchini, kazi hiyo ilianzia mikononi mwa watu wa dini.

Je, wajua kwamba Dodoma ina pia Taasisi ya Isanga? Hupokea watu wenye ugonjwa wa akili wanaohusishwa na makosa ya jinai, wanaoletwa kwa amri ya mahakama.

Je, wajua kwamba jina la hospitali limegeuzwa tusi? Mtu akifanya jambo la ajabu, wenzake husema apelekwe Mirembe. Wengi hutamka Milembe. Tusi hilo lina gharama. Mama aliyezoea kusikia majirani wakilitaja jina hilo kwa kicheko hataki kumpandisha mwanawe basi la Dodoma. Atampeleka kwanza kwenye mkesha wa maombi, atampeleka kwenye kisomo, atampeleka kwa mganga, kwa sababu huko hakuna atakayemcheka. Akija kufika hospitali, kijana ameshaugua miezi, pengine miaka. Tuliache tusi hilo. Halina faida kwa yeyote.

Unajua Wagogo, wenyeji wa Dodoma, waliutoaje mkosi uliowapata wote? Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kuhusu matambiko ya utakaso ambamo wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha zao, wakachunga ng'ombe, kisha wakacheza ngoma hadi mpaka wa magharibi wa nchi yao na kuutupa huko uchafu ulioleta maradhi. Mshauri nasaha wa leo ataona humo jambo analolijua. Shida iliyofungwa kifuani inatolewa nje, inapewa umbo, na anayeisindikiza si mtu mmoja bali kijiji kizima.

Je, wajua kwamba mvua nayo ni suala la utulivu wa moyo? Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, takriban Desemba hadi Aprili, na wastani wake hauzidi milimita 600. Msimu ukikosea, hakuna wa pili wa kufidia. Zamani kila eneo la Ugogo lilikuwa na mtemi aliyetunza mawe ya mvua. Mtu anaweza kubishana kuhusu nguvu ya mawe hayo, lakini mkulima mwenye hofu ya miezi alikuwa na mahali pa kuipeleka, siku ya kuipeleka na watu wa kwenda nao. Leo Waislamu wana swala ya istiskaa, na Wakristo wana ibada zao za kuombea mvua. Hofu ya mkulima ni ileile, na bado haibebeki na mtu mmoja.

Je, wajua kwamba ngoma ya muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake, wakizibana ngoma kati ya mapaja? Na je, wajua kwamba mwili una sababu zake za kuipenda? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Bronwyn Tarr, Robin Dunbar na wenzao ulionyesha kwamba watu wanaocheza kwa hatua zinazolingana huvumilia maumivu zaidi kuliko wanaocheza kila mmoja na lake. Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliomhusisha Dunbar uligundua kwamba wanaojifunza kuimba pamoja huzoeana haraka kuliko wanaojifunza ufundi wa mikono au uandishi. Kwaya ya mtaani kwenu, ile inayofanya mazoezi jioni hadi majirani wanalalamika, ni mahali ambapo mtu mgeni mjini hupata ndugu ndani ya wiki chache. Katika jiji linalopokea wageni wengi kama Dodoma tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu huku, hilo si jambo dogo. Upweke ni chakula cha sonona.

Sogea Kondoa. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey alikuwa ameinakili mingi mwaka 1951. Watalii huiona kama makumbusho. Wenyeji wengine hawaioni hivyo: kule Kolo, katika pango la Mungomi, bado hufanyika matambiko ya mvua na ya uponyaji, na pombe ya nafaka hunyunyizwa mwambani. Wahifadhi wana wasiwasi kuhusu rangi za michoro, na wasiwasi wao una msingi. Lakini nadhani wanaokuja na mgonjwa wao hapo wana haki ya kusikilizwa kabla ya kufukuzwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliandikwa kulinda vitu. Haikuandikwa ikimfikiria mtu anayepanda mlima akiwa na mgonjwa.

Je, wajua kuhusu simbo? Ni ngoma ya Wasandawe, majirani wa Warangi wilayani Kondoa na Chemba. Mtafiti Eric ten Raa aliieleza: wachezaji huingia katika hali ya kupagawa, hujigeuza simba, na hupambana na uchawi unaoisumbua jamii. Ten Raa alihisi kwamba baadhi ya michoro ya miambani ina uhusiano na ngoma hiyo. Kama ni kweli, basi watu wa nyanda hizi walikuwa wakitibu hofu zao kwa picha na ngoma zamani sana, kabla jengo lolote la hospitali halijasimama.

Je, wajua njaa iliyoitwa Mtunya? Hapa tukae kidogo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo kutoka Ugogo. Kisha mvua ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walikufa kati ya mwaka 1917 na 1920. Mtu mmoja kati ya watano. Hakukuwa na mshauri nasaha, hakukuwa na daktari wa akili. Mirembe ilikuwa bado miaka kadhaa mbele. Waliobaki walibaki na makaburi, na wengine hata makaburi hawakuwa nayo.

Sasa tazama. Mwaka 1917, Mtunya ikikaribia, alizaliwa huko Ihumwa mtoto aliyeitwa Mathias Mnyampala. Alikuja kuandika historia na desturi za Wagogo, akawa baba wa ngonjera, akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili hadi kifo chake mwaka 1969. Mkatoliki huyu wa Dodoma aliziweka Zaburi katika utenzi wa Kiswahili. Zaburi ni kitabu gani? Sehemu kubwa yake, theluthi na zaidi, ni maombolezo: mtu anayelia, anayelalamika, anayemuuliza Mungu amekwenda wapi. Zaburi ya 88 huisha gizani, bila mstari wa faraja. Mtu wa kizazi cha Mtunya aliona inafaa watu wake wawe na maneno hayo kwa vina na mizani. Nalitaja kwa sababu siku hizi katika mikusanyiko mingi ya ibada huzuni hairuhusiwi. Mtu akisema nimechoka kuishi, anaambiwa akiri ushindi. Maandiko yenyewe humpa nafasi ya kulia.

Je, wajua kwamba nabii Eliya aliomba afe? Imo katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Angalia alivyohudumiwa: hakukemewa wala hakuambiwa imani yake ni haba. Alilala, akaamshwa akapewa mkate na maji, akalala tena, akapewa chakula mara ya pili. Usingizi na chakula vilitangulia, mazungumzo yalifuata.

Je, wajua kwamba katika historia ya Uislamu kuna mwaka unaoitwa Mwaka wa Huzuni? Ni takriban mwaka 619, Mtume Muhammad alipofiwa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib. Ikiwa Mtume alihuzunika hadi mwaka ukapewa jina hilo, nani atamwambia mjane wa Kondoa kwamba machozi yake ni udhaifu wa imani?

Na je, wajua kwamba mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi? Alieleza kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana chanzo chake, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Zaidi ya miaka elfu moja imepita. Anayesema ugonjwa wa akili ni mambo ya Wazungu hajamsikia Balkhi.

Je, wajua rozari hufanya nini kifuani? Mwaka 2001 watafiti wa Kiitalia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kwamba kusali rozari kwa Kilatini hushusha pumzi hadi karibu sita kwa dakika, kasi inayosaidia moyo na shinikizo la damu kwenda kwa mpangilio. Mantra za yoga zilifanya vivyo hivyo. Anayeleta dhikiri taratibu baada ya swala naye anajua, bila kipimo chochote, jinsi kifua kinavyotulia. Kanisa Kuu la Katoliki la Dodoma lina jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, Mwitalia aliyeanzisha shirika la Wapasionisti, ambao wamehudumu huku tangu miaka ya 1930. Rozari imesaliwa Dodoma kwa muda mrefu bila kusubiri jarida.

Je, wajua kuhusu wauguzi wa Marekani? Utafiti wa Tyler VanderWeele na wenzake wa mwaka 2016 uliangalia takwimu za wanawake karibu 90,000, kuanzia 1996 hadi 2010. Waliohudhuria ibada walau mara moja kwa wiki walikuwa na kiwango cha kujiua karibu moja ya tano ya kile cha wasiohudhuria kabisa. Tuseme ukweli wote: hao walikuwa wauguzi, wengi wao Wakristo weupe, na hatuwezi kuchukua takwimu yao tukaivika Chamwino au Bahi. Tena kilichopimwa ni kuhudhuria. Kujulikana kwa jina, kuulizwa ulikuwa wapi Jumapili au Ijumaa iliyopita, kutembelewa ukiugua: hayo yamo ndani ya takwimu hiyo.

Lakini je, wajua kwamba dini inaweza pia kuumiza? Hili ni muhimu kuliko yote niliyoyataja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wa hospitali, wenye umri wa miaka 55 na zaidi. Waliojiona wameachwa na Mungu, walioshuku kama Mungu anawapenda, na walioamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa, hata baada ya kuzingatia hali ya mwili na akili waliyokuwa nayo mwanzoni.

Rudia sentensi hiyo polepole, hasa kama wewe ni mhubiri. Mgonjwa anayeambiwa ana mapepo, kisha akaombewa na asipone, hubaki na mizigo miwili. Ugonjwa uko palepale, na juu yake sasa kuna hukumu: ama pepo wake ni sugu, ama hana imani. Kuna wagonjwa waliofungwa kamba au minyororo wakisubiri zamu ya kuombewa au kutibiwa kienyeji. Kuna walionyimwa chakula kwa jina la mfungo. Huo si uponyaji kwa dini yoyote ninayoijua, na anayeufanya anapaswa kuzuiwa.

Unajua ni ugonjwa gani mwingine huonekana kama mapepo? Malaria kali iliyopanda kichwani. Mtoto huweweseka, hupiga kelele, hudegedeka. Huyo ana saa chache. Anahitaji sindano sasa, na maombi yafanyike njiani. Kifafa nacho. Hakiambukizwi kwa povu wala mate, na dawa zake zipo. Chanzo kimojawapo cha kifafa ni mayai ya tegu wa nguruwe yanayotoka katika kinyesi cha binadamu aliye na mnyoo huo na kuingia mwilini kwa maji, mboga au mikono michafu. Choo bora kingezuia visa vingi vinavyoitwa laana ya ukoo.

Je, wajua nani hasa hupokea wagonjwa wa sonona na wasiwasi? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uligundua kwamba kati ya watu waliokwenda kwa waganga wa tiba asili, asilimia 48 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili. Katika vituo vya afya vya msingi, ilikuwa asilimia 24. Mganga hupokea mzigo maradufu. Tangu mwaka 2002 Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala, inayomtambua na kumtaka asajiliwe. Kumdharau hakutamwondoa. Kumfundisha dalili za hatari na kumpa namba ya simu ya daktari kunaweza kuokoa mtu.

Je, wajua kwamba Mnigeria Thomas Adeoye Lambo alilifanya hilo mapema? Kuanzia mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, wagonjwa waliishi vijijini na ndugu zao, wakitibiwa hospitalini mchana, na waganga wa jadi wakishirikishwa. Tanzania nayo, baada ya Uhuru, ilijaribu vijiji vya wagonjwa wa akili waliopata nafuu, ambako waliishi na kulima. Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, ilikuwa mojawapo. Jembe, jua na majirani. Wazo hilo linastahili kurudishwa mezani.

Je, wajua kwamba mgonjwa hawajibiki kufunga Ramadhani? Qurani, Sura Al-Baqara aya ya 185, humruhusu mgonjwa kufunga siku nyingine. Mtu anayetumia dawa za akili asiziache wala asibadilishe saa zake kwa sababu ya mfungo kabla ya kumwona daktari. Dawa aina ya lithiamu, kwa mfano, inaweza kuwa sumu mwili ukipungukiwa maji, na joto la Dodoma hukausha mwili haraka. Imamu akilisema hili kwenye hotuba ya Ijumaa kabla ya mwezi kuandama, atasikilizwa kuliko bango la hospitali.

Je, wajua kwamba kujaribu kujiua bado kumeandikwa kuwa kosa la jinai katika kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania? Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho. Januari 2025 Mahakama Kuu yake ilikitangaza kuwa kinakiuka Katiba. Sheria ya namna hiyo humfanya mtu aliyefika ukingoni aogope kusema. Woga wa dhambi humfungia mdomo kabisa.

Na hapo je, wajua kwamba Kanisa Katoliki limebadilika? Sheria zake za mwaka 1917 ziliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa makusudi. Sheria za mwaka 1983 ziliondoa katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 inasema kwamba ugonjwa wa akili, uchungu mkubwa au hofu vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu huyo, na Kanisa humwombea. Waumini wengi hawajaambiwa. Kuna familia ambazo bado hunong'ona kwa aibu kaburini, miongo kadhaa baada ya aibu hiyo kuondolewa kisheria.

Je, wajua kwamba Baraza la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1984 azimio linalotambua upande wa kiroho wa afya? Na kwamba Chama cha Madaktari wa Akili Duniani, mwaka 2016, kilitaka imani ya mgonjwa iulizwe kama sehemu ya kawaida ya kuchukua historia yake? Daktari anayecheka hirizi shingoni mwa mgonjwa amekosea sawa na mchungaji anayetupa vidonge.

Jambo la mwisho, na hili ni ombi. Mkoa wa Dodoma ulihesabiwa mwaka 2022 ukiwa na watu 3,085,625, na madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache mno. Viongozi wa dini ni wengi, wako kila kijiji, na wanaitwa usiku. Kama wewe ni mmoja wao, jua dalili hizi: mtu asiyelala siku kadhaa mfululizo, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, aliyekataa chakula, anayezungumzia kufa au kugawa vitu vyake, mama aliyejifungua karibuni akabadilika ghafla. Huyo mwombee, kisha uongozane naye hospitali siku hiyohiyo. Waambie nduguze mbele ya kila mtu kwamba kumeza dawa si kukosa imani. Na wiki hii, nenda hospitali ya wilaya yako, uliza anayehudumia afya ya akili, chukua namba yake ya simu, uibandike ukutani pale inapobandikwa ratiba ya ibada.